Maswali ya Wasomaji: Mti Usiofika Kifundo cha Mguu

Toleo lililopita tulichapisha picha ya mmea uliotambaa juu ya changarawe huko Greenland, na chini yake tukaandika maneno matatu tu: "Huu ni mti." Barua zilizokuja ni nyingi kuliko tulivyotarajia. Zilizofanana tumeziunganisha, na zilizobaki tunazijibu hapa.

Mimi ni mwongoza watalii, Marangu. Wageni nawaambia kila siku kwamba tukishatoka kambi ya Mandara, mlimani Kilimanjaro, msitu umekwisha, kilichobaki ni vichaka na nyasi. Sasa mgeni kutoka Kanada ananiambia kwao kuna mti unaoukanyaga bila kuuona, na nyinyi nanyi mnaandika hivyo hivyo. Kitu cha sentimita kumi kinakuwaje mti? Na kwa Kiswahili kinaitwaje?

Angalia mgomba wa shambani kwako. Unapita mita nne, na si mti: shina lake ni mikono ya majani iliyokumbatiana, ukilipiga panga unaona maji na nyuzi. Mwerebi wa Aktiki (yaani wa nchi za ncha ya kaskazini), ule wa picha yetu, una kimo cha sentimita 3 hadi 25, na shina lake ni mbao tupu. Chini ya gome kuna utando mwembamba unaozaa seli mpya kila majira ya joto, mbao upande wa ndani na gome upande wa nje, na karibu kila mwaka unaacha pete yake. Hicho ndicho tulichokiita mti. Mtaalamu mkali angesema neno sahihi ni kichaka, kwa kuwa hauna shina moja lililosimama, na hatutabishana naye. Hata hivyo Mswidi Carl Linnaeus, aliyezunguka Lapland, kaskazini kabisa ya Ulaya, mwaka 1732, alimtaja ndugu yake mdogo zaidi, *Salix herbacea*, kuwa mti mdogo kuliko miti yote. Tuko pamoja na wazee.

Jina la Kiswahili lipo, ila wengi wamelisikia kanisani tu. Biblia ya Kiswahili inataja "mierebi" inayoota kando ya maji. Mmoja ni mwerebi. Jenasi nzima, yaani kundi la spishi ndugu, kitaalamu inaitwa *Salix*, na huu wa picha yetu ni *Salix arctica*. Unaota kuizunguka sehemu kubwa ya ncha ya kaskazini, hadi pwani ya juu kabisa ya Greenland, kupita nyuzi 83 za latitudo. Hakuna mmea wa mbao unaoota kaskazini zaidi ya hapo.

Kuhusu ufupi wake, wageni wako wataelewa haraka ukiulinganisha na wanachokiona mlimani. Huku kwetu baridi inakuja kila usiku na kuondoka kila asubuhi. Ndiyo maana mimea mikubwa ya senesio, juu ya kambi ya Horombo, imesimama wima, imejivika koti la majani makavu, na jioni majani mabichi hujikunja kulinda kilele. Aktiki baridi inakuja mara moja kwa mwaka na inakaa miezi tisa. Upepo unasukuma chembe za barafu zinazosugua kama msasa kila kitu kilichochomoza juu ya theluji, kwa hiyo tawi linalosimama linauawa na linalolala linafunikwa na kupona. Majira ya joto yakifika, jua halizami kwa wiki nyingi, na hewa iliyo sentimita chache juu ya udongo inakuwa na joto kuliko ile ya kiunoni kwa mtu. Chini nako hakuna nafasi: udongo unayeyuka kina kifupi tu, na chini yake ni barafu isiyoyeyuka mwaka mzima. Mizizi inasambaa kama mkeka kwa sababu haina pengine pa kwenda.

Nasoma botania mwaka wa pili, hapa Moshi. Tulipewa zoezi la kutambua mierebi minne mifupi kwa picha na vielelezo vikavu: *Salix arctica*, *S. polaris*, *S. herbacea* na *S. reticulata*. Nilipima urefu na upana wa majani kwa rula, nikakosa mitatu kati ya minne. Halafu kila kitabu kinaipanga kivyake. Nianzie wapi?

Umeanza na kitu kinachobadilika kuliko vyote. Jani la mwerebi uliokingwa na jiwe linaweza kuwa mara mbili ya jani la mwerebi huohuo upande wa upepo. Kwenye tawi moja, majani mawili ya kwanza kufunguka ni madogo na ya duara kuliko yanayofuata. Ukitaka kupima jani, pima lililo katikati ya tawi la mwaka huu, tena lililokomaa, na upime matano au zaidi. Rula iweke pembeni kwanza. Chukua lenzi ya mkono inayokuza mara 10.

Hakikisha kwanza kwamba ni *Salix*. Tafuta jicho, yaani chipukizi lililofungwa, kwenye kwapa la jani. Jicho la mwerebi limefunikwa na gamba moja tu, kama kofia iliyovutwa hadi shingoni. Mpopla, ambao ni ndugu yake wa karibu, una magamba kadhaa yanayopishana kama vigae. Hii ndiyo alama rahisi kuliko zote na wanafunzi wengi hawaitazami, labda kwa sababu jicho lenyewe ni dogo kama chembe ya mchele.

Sasa fuata shina. Je, linatambaa juu ya ardhi, nene na lenye gome linaloonekana, au limezama kwenye udongo na kuacha ncha tu nje? Likitambaa juu, na jani halina meno ukingoni, tena ncha ya jani ina nywele ndefu zilizonyooka kama ndevu, uko kwenye *S. arctica*. Ndevu hizo ni alama nzuri kwenye majani machanga; kwenye majani ya mwisho wa msimu zinakuwa zimechakaa, na hapo ndipo wengi wanapotea.

Shina likizama, na kila ncha ikatoa majani mawili au matatu tu, ya duara na yenye kung'aa, umebaki na *S. herbacea* na *S. polaris*. Pitisha lenzi ukingoni. *S. herbacea* ina meno madogo ya mviringo kuzunguka jani zima, *S. polaris* ukingo wake ni laini. Tunda likiwepo, huhitaji kubahatisha: la *S. polaris* lina nywele, la *S. herbacea* kwa kawaida ni tupu. Usishangae ukikutana na mmea wenye meno upande mmoja na ulaini upande mwingine. Spishi hizi mbili huzaliana, na machotara yao yapo.

*S. reticulata* ndiyo rahisi, nadhani hiyo ndiyo uliyoipata. Jani ni gumu kama ngozi, juu limejaa mifereji ya mishipa iliyozama kama nyavu, chini ni jeupe, na kikonyo chake ni kirefu kuliko cha hao wengine.

Kinachobaki ni maua, na hapo ndipo uainishaji wote wa mierebi unaposimama. Maua ya mwerebi hayana petali wala sepali. Yamejipanga kwenye kishada kilichosimama kama mkia mfupi wenye manyoya, na kila ua limekaa kwapani mwa kigamba kidogo kinachoitwa brakti, pamoja na tezi ya asali moja au zaidi. Ua dume katika spishi zako zote nne lina stameni mbili, yaani viungo vya chavua. Ua jike ni ovari moja inayokuja kuwa kapsuli, tunda kavu linalopasuka vipande viwili na kuachia mbegu zenye pamba. Dume na jike hawakai kwenye mmea mmoja. Ukishika kishada cha *S. arctica*, brakti zake ni za kahawia iliyokolea hadi nyeusi, za *S. glauca*, ambayo huchanganywa nayo sana, ni za rangi hafifu, na *S. glauca* mara nyingi huinuka kuliko *S. arctica*. Kwa hiyo kielelezo kisicho na kishada kiandikie "*Salix* sp.", yaani spishi haijatambuliwa, na usione haya. Mwalimu anayejua mierebi atakupa alama kwa hilo.

Kuhusu mpangilio: mierebi iko oda ya Malpighiales, pamoja na muhogo na pasheni, katika familia ya Salicaceae. Jenasi *Salix* ina spishi kama 400, na wengine wanahesabu zaidi. Hadi hapo vitabu vya leo vinakubaliana. Ugomvi unaanza ndani ya jenasi. Mrusi Alexey Skvortsov, mwaka 1968, aliigawa mierebi katika jenasi ndogo tatu, na mifupi ya Aktiki na milimani akaiweka pamoja katika Chamaetia, wakati vichaka vya kimo cha mtu vikaenda Vetrix. Ni mgawanyo unaoridhisha macho. DNA haikuridhika: inaonyesha Chamaetia na Vetrix zimechanganyikana kwenye tawi moja kubwa, maana yake ufupi umejitokeza zaidi ya mara moja na si ushahidi wa undugu. Kitabu kilichoandikwa kabla ya kazi hiyo kitakuambia jambo moja, cha baadaye jingine.

Majina ya spishi yenyewe nayo yamehama. *S. arctica* ilipewa jina na Peter Simon Pallas mwaka 1788. Baadaye mimea iliyokusanywa sehemu nyingine ikapewa majina kama *S. anglorum* na *S. pallasii*, ambayo leo yote yanarudishwa kwa Pallas. Kwa upande mwingine, mierebi mifupi ya milima ya Rocky iliyokuwa ikihesabiwa kuwa aina ya *S. arctica* sasa ni spishi inayojitegemea, *S. petrophila*, ndivyo alivyoipanga mtaalamu wa mierebi George Argus alipoandika mierebi yote ya Amerika Kaskazini mwaka 2010. Ndiyo maana tunasisitiza uandike jina pamoja na mwandishi wake: *Salix arctica* Pall. Jina tupu halimwambii msomaji unafuata mpangilio wa nani.

Jambo moja la maabara litakusaidia kuelewa vurugu hii. Hesabu ya msingi ya kromosomu katika mierebi ni 19. *S. herbacea* na *S. reticulata* wana 38, yaani seti mbili kama kawaida. *S. polaris* wana 114, seti sita. *S. arctica* wamepatikana wenye 76 na wenye 114. Seti zikiongezeka hivyo, mara nyingi kuna machotara ya zamani ndani yake, na mmea mmoja unakuwa na sura za wazazi wawili. Rula haiwezi kutatua hilo.

Nasikia uzio wangu wa kei apple ni ndugu wa huu mwerebi. Hapa Tengeru kila boma lina uzio huo. Mbona haufanani na chochote mlichokieleza? Na mbona wangu hauzai?

Ni ndugu, ndiyo, ingawa wa mbali. Kei apple, ambayo wengine huiita kayaba, ni *Dovyalis caffra*, na kwao ni kusini mwa Afrika. Zamani ilikuwa familia ya Flacourtiaceae, familia iliyogeuzwa stoo: wataalamu wenyewe walikuwa wakitania kwamba mmea ukikushinda utupie huko. DNA ilipochambuliwa, familia hiyo ikavunjwa na sehemu yake kubwa ikahamia Salicaceae. Pamoja na kei apple wamehamia *Dovyalis abyssinica*, wa kwetu hasa, anayeota katika misitu ya milimani, na *Casearia*, ambao wengine bado wanawatenga katika familia yao.

Dalili za undugu zipo, ila si kwenye miiba. Maua ya kei apple hayana petali. Na dume na jike hukaa kwenye mimea tofauti, kama mierebi. Hapo ndipo jibu la swali lako la pili lilipo. Uzio usiozaa ama ni madume watupu, ama unakatwa mara kwa mara kiasi kwamba matawi yenye maua hayapati nafasi. Acha mita mbili au tatu bila kukata kwa msimu mzima, kisha tazama maua kwa lenzi: yenye stameni nyingi za njano ni dume, yenye kitako cha kijani kilichovimba ni jike. Kama umepata majike na hayazai, panda dume mmoja karibu yake.

Naomba mnielekeze jinsi ya kuagiza vipandikizi vya mwerebi wa Aktiki. Nina bustani ya mawe Njiro na usiku wa Julai hapa ni baridi kweli.

Usiagize. Baridi ya Njiro haihusiani na baridi unayoihitaji. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya bahari, na usiku wa Julai unashuka kwenye nyuzi kumi na kitu. Mwerebi wa Aktiki unahitaji miezi ya kuganda ili jicho liamke vizuri, halafu unahitaji mchana mrefu ili uendelee kukua. Mierebi ya kaskazini ya mbali inapima urefu wa mchana, na mchana ukipungua inafunga macho na kujiandaa kulala. Arusha mchana ni saa 12 mwaka mzima. Kipandikizi chako kitatoa majani machache kwa akiba kilichokuja nayo, kitafunga macho, kitangoja baridi ambayo haitakuja, na joto la Januari litaozesha mizizi. Friji haisaidii, inaweza kukipa usingizi lakini haiwezi kukipa jua la usiku wa manane.

Tena mmea wowote wenye uhai kutoka nje unahitaji kibali cha kuingiza na cheti cha afya ya mimea cha nchi unakotoka. Kibali unaulizia Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, Ngaramtoni, kabla ya mzigo kusafirishwa na si baada ya kufika.

Ukitaka mwerebi, tafuta wa Kiafrika, *Salix mucronata*, unaoota kando ya mito. Kata kipandikizi cha sentimita 25 kutoka tawi la mwaka jana, unene kama wa penseli hadi kidole gumba. Chini kata kwa mshazari, juu kata mlalo, usije ukakipanda kichwa chini miguu juu, kosa linalofanyika kuliko watu wanavyokiri. Ondoa majani yote isipokuwa mawili ya juu, loweka usiku mmoja, kisha zika theluthi mbili kwenye mchanga uliochanganywa na udongo wa mboji, nusu kwa nusu. Weka kivulini, udongo usikauke hata siku moja. Kama unajua kupanda isale, mmea wa mipaka ya mashamba Uchagani, hii ni kazi ileile, tofauti yake ni kiu. Wiki tatu au nne utaona mizizi. Hamishia shambani masika yakianza. Kaa mita 10 au zaidi kutoka bomba la maji, shimo la maji taka na ukuta. Mizizi ya mwerebi ikinusa unyevu kwenye ufa wa bomba inaingia na kulijaza.

Wengine wamependekeza mwerebi wa kuinama, *Salix babylonica*. Nao hupandwa kwa njia hiyohiyo. Jina lake limekosewa, kwa sababu kwao ni China; Linnaeus alifikiri ndio ule wa Zaburi ya mito ya Babeli. Kiswahili kilikuwa na busara zaidi hapo, kikasema "miti" na kunyamaza.

Shikamooni. Nimepata nafasi ya masomo Tromsø, Norwei, na nitafika majira ya joto. Mwalimu wangu ameomba vielelezo vya mierebi kwa ajili ya mafunzo. Navikausha vipi ili vifike salama?

Marahaba. Anza na ruhusa. Ukivuka kwenda Svalbard, visiwa vya Norwei vya kaskazini, mimea yote inalindwa kisheria na huwezi kuchuma bila kibali cha gavana wa visiwa. Bara nako kuna hifadhi zenye masharti yake, kwa hiyo uliza chuo chako kabla ya kutoka na mkasi. Ujue pia kwamba huko utakutana zaidi na *S. polaris*, *S. herbacea* na *S. reticulata*, ukitaka *S. arctica* uende Greenland au Kanada.

Mwerebi unahitaji safari mbili kwa mmea mmoja. Kishada kinatoka majani yakiwa bado machanga, na wiki kadhaa baadaye majani yanakomaa wakati kishada cha dume kimeshadondoka. Funga kibandiko cha bati chenye namba kwenye shina, chuma kipande cha kwanza, rudi baada ya wiki nne hadi sita uchume cha pili kwenye shina hilohilo, na uvipe namba moja yenye A na B. Chuma dume na jike kama vielelezo viwili tofauti, usiviweke karatasi moja. Majike utayapata kwa urahisi. Katika mierebi mingi ya Aktiki huwazidi madume, na utafiti uliofanyika kwenye kisiwa cha Ellesmere, Kanada, kuhusu *S. arctica* ulikuta majike wamejaa sehemu zenye unyevu na rutuba, madume wakivumilia palipo pakavu. Kwa hiyo ukitafuta dume, panda kidogo kwenye kichuguu cha changarawe.

Weka kila kipande ndani ya gazeti, kati ya karatasi mbili za kunyonya maji, halafu kadibodi yenye mikunjo ili hewa ipite, ukaze kwa mikanda miwili. Geuza walau majani mawili uso chini, kwa sababu upande wa chini ndio wenye habari. Tawi nene lipasue katikati kwa urefu, vinginevyo litainua karatasi na majani yatakunjamana. Karatasi za kunyonya badilisha kila siku kwa siku nne za kwanza, baadaye kila siku ya pili. Vishada vya jike vilivyoanza kupasuka vitie kwenye bahasha ya karatasi, ama sivyo pamba itatapakaa kwenye vielelezo vyote na mbegu za mmea mmoja zitaonekana za mwingine.

Usiharakishe kwa moto. Weupe wa chini ya jani la mwerebi mara nyingi ni nta, na joto kali linaiyeyusha. Jani linakuwa la kijani pande zote mbili na alama muhimu imepotea. Hewa ya kawaida yenye feni inatosha. Ukiwa bado porini, sugua upande wa chini kwa kidole: weupe ukitoka ni nta, usipotoka tafuta nywele kwa lenzi. Andika ulichoona siku hiyohiyo, pamoja na jinsia, kimo, rangi ya stigma (ncha ya ua jike inayopokea chavua) na ya stameni, aina ya udongo, theluji kama ipo karibu, latitudo na longitudo, tarehe, na namba yako. Rangi hizo hazitadumu kwenye karatasi.

Kabla ya kusafirisha, vifunge kwenye mfuko wa plastiki na uvigandishe nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki moja kuua wadudu. Ukitoa kwenye friza usifungue mfuko hadi upate joto la chumba, la sivyo unyevu wa hewa utageuka maji juu ya vielelezo na ukungu utafuata. Nakala moja ipeleke Hebaria ya Taifa, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, Arusha. Mwanafunzi mwingine ataihitaji.

Mama yangu ana maumivu ya viungo. Ni kweli gome la mwerebi ni aspirini?

Si kweli moja kwa moja. Gome lina salisini, na jina la asidi salisiliki limetoka kwenye *Salix*. Aspirini ni kemikali nyingine iliyotengenezwa kutokana na asidi hiyo; Felix Hoffmann wa Bayer aliitengeneza mwaka 1897. Kiasi cha salisini kinatofautiana mno kati ya spishi na spishi, hata kati ya gome changa na kuukuu, kwa hiyo huwezi kujua mama amekunywa kiasi gani. Kama ana vidonda vya tumbo au anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, asiguse. Mpeleke kwa daktari.

Nimesoma kwamba mwerebi mmoja wa Aktiki huko Greenland ulikuwa na miaka 236. Mti wa unene wa kidole unahesabiwaje? Sisi tunaokata misindano hapa West Kilimanjaro tunahesabu pete kwa macho.

Kwa macho huwezi. Pete moja ya mwerebi wa Aktiki inaweza kuwa na safu chache tu za seli. Shina linakatwa kipande chembamba cha mikroni (elfu za milimita) 15 hadi 20 kwa mashine ya kukatia, kinatiwa rangi ya safranini ili mbao ing'ae nyekundu, kisha kinasomwa kwa hadubini. Hata hapo kuna mitego miwili. Mwaka mbaya unaweza usiache pete kabisa, au ukaacha pete upande mmoja wa shina tu, kama kabari. Kwa hiyo haukatwi mkato mmoja tu. Inakatwa mfululizo kutoka shingo ya mzizi kuelekea nchani, na pete zinalinganishwa mkato kwa mkato hadi ile iliyopotea ionekane.

Mtego wa pili ni mahali pa kuanzia. Miaka yote iko kwenye shingo ya mzizi tu, pale shina linapogeuka kuwa mzizi mkuu. Ukikata sentimita 20 mbele, unahesabu umri wa tawi. *S. arctica* angalau huhifadhi shingo hiyo. Kwa *S. herbacea*, inayosambaa chini ya udongo na kuacha sehemu zake za zamani zikioza nyuma yake, shingo ilishapotea, na pete utakazozikuta ni za kipande ulichoshika mkononi.